Kontra ya lupangu inaisha, nifanye nini? Maswali ya kila siku hapa Lubumbashi

Haya maswali yanatoka kwa watu wa Kalebuka, Golf, Ruashi, Kampemba, na kwa ndugu zetu wenye wako inje, na karibu wote wanauliza kitu kimoja: namna gani niongeze miaka ya kontra. Jibu langu la kwanza ni hili: kama uko Mukongomani na lupangu umeijenga, usiombe miaka. Omba Leta akubadilishie aina ya kontra. Mengine yako hapa chini.

Nililipa lupangu na makuta yangu, sasa juu ya nini kontra iko na mwisho?

Juu udongo wenyewe haukuuzishwa kwako. Sheria ya 20 Julai 1973, yenye ilirekebishwa 18 Julai 1980, inasema udongo wote wa Kongo ni wa Leta, na artikle ya 53 inaongeza kwamba Leta hawezi kuutosha mu mikono yake, na hata ukikaa juu yake miaka 40 hauwi wako kwa sababu tu umekaa. Mbele ya hapo kulikuwa sheria ya Bakajika ya 1966, yenye ilianza kurudisha kwa Leta haki zenye mukoloni aliachia makampuni, kisha 1973 ikafunga mambo yote. Kwa hiyo kitu ulinunua kwa mwenzako ni nyumba pamoja na haki ya kutumia udongo, na hiyo haki Leta anaipatia watu kwa njia mbili. Kuko konsesyo perpetweli, haina mwisho, na ni ya Mukongomani mwenyewe kama mutu. Na kuko konsesyo ordineri, ya miaka, yenye inapatiwa wageni, makampuni, mashirika, na Wakongomani pia kama njo wameomba ile.

Nitajuaje yangu ni ya aina gani?

Tosha karatasi yenyewe, siyo foto ya mu simu, na usome kichwa. Pale juu wanaandika kama ni kontra ya lokasyo (kupanga kwa Leta kwa muda kidogo), ya konsesyo perpetweli, ya anfiteozi (kutumia udongo miaka mingi kwa kuujenga na kuuchunga) ao ya superfisi (kutumia udongo na kuwa mwenye nyumba zenye ziko juu yake). Lokasyo, anfiteozi na superfisi zote ni konsesyo ordineri. Chini yake wanataja lupangu: namba ya kadastre (biro yenye inapima malupangu), komini, ukubwa kwa are (are moja ni meta mraba 100) na santiare, na kazi yake, yaani ni ya kukaa, ya biashara ao ya shamba. Kisha muda na siku ulianza. Miaka inaenda hivi: lokasyo kawaida ni 3, anfiteozi na superfisi haipiti 25 lakini inaweza kuanza upya, perpetweli haina hesabu.

Angalia pia kroki, ile picha ya jeometre. Kontra inasema mistari na rangi za kroki ni sehemu ya kontra yenyewe, kwa hiyo kama ukuta wako umeruka ule mustari usifikiri ni jambo la majirani tu, siku ya kuongeza miaka njo litatoka.

Na kontra siyo sertifika. Haki yako juu ya udongo inasimama kisheria paka kwa sertifika ya anrejistrema. Inafanywa mbili, moja inabakia mu kitabu ku biro ya konservatere, mukubwa mwenye anachunga vitabu vya malupangu, ingine inakuja kwako. Ukiweza, omba waangalie kama yako na ile ya kitabu zinasema kitu kimoja, na ufanye hivyo ungali na wakati, siyo siku muuzaji na mununuzi wamekaa tayari mbele ya notere.

Kontra yangu ya lokasyo ya miaka 3 iliisha tangu zamani. Nimepoteza lupangu?

Hili swali linaniumiza moyo kuliko yote juu watu wanakuja nalo wamechelewa sana. Lokasyo ni mulango: Leta anakupatia udongo kwa muda kidogo aone kama utajenga, ukijenga unaingia ndani, anakupatia konsesyo yenyewe. Watu wengi walipata ile kontra, wakajenga nyumba ya vyumba vine, wakapandisha ukuta, wakachimbisha foraji, wakaweka karatasi mu valizi na wakasahau, miaka 10 ikapita. Sasa juu ya udongo kuko nyumba ya matofali na watoto wanazaliwa ndani, juu ya karatasi hakuna kitu chenye kinaishi. Siyo kwamba kesho watakuja kubomoa. Hatari ni ingine: ku biro dosye yako inaonekana imekufa, na kuko watu wenye kazi yao ni kutafuta dosye za namna ile, wanaomba kontra mupya juu ya namba yako ao wanaigawanya vipande viwili, na wewe unajua siku jeometre anapiga hodi na vijiti vyake.

Kama umejenga, usiende kuomba lokasyo ingine. Hapa njo watu wanapoteza makuta. Mutu anaambiwa ku mulango wa biro "lipa tu turenuvele miaka 3", analipa, miaka 3 inaisha, analipa tena. Wewe andika barua kwa konservatere, umuambie lupangu imejengwa, omba watume watu waje kuandika prose verbali ya mizanvaleri, yaani ripoti yenye inasema lupangu imejengwa kweli, na kwa ile prose verbali omba kontra ya konsesyo perpetweli na sertifika. Ni njia ndefu kidogo mwanzoni, lakini ukisha kuipita hauhesabu miaka tena.

Kama haujajenga kitu, hapo uko na shida ya kweli, na nasema wazi juu sitaki mutu alale akifikiri karatasi inatosha. Kontra inakupatia miezi 6 ya kuanza kukaa juu ya lupangu na miezi 18 ya kuanza kujenga. Usipofanya, Leta ana haki ya kuivunja. Enda uombe lokasyo iendelee, eleza sababu kwa maandishi, ugonjwa, kazi ilisimama, kifo mu nyumba, na uanze kujenga hata nyumba ndogo ya kweli yenye fondasyo, uende nayo polepole.

Mizanvaleri, ukuta tu hautoshi?

Ukuta peke yake hapana. Kama kontra inasema lupangu ni ya kukaa, wanatafuta nyumba ya kukaa, yenye vifaa vya kudumu, yenye mutu anaweza kulala ndani. Ukuta mzuri, mulango wa chuma na mahindi katikati, hiyo ni kuchunga mafasi, na ajan mwenye anaandika prose verbali akiwa mwaminifu ataandika vile aliona. Matumizi nayo yanahesabika: lupangu ya kukaa yenye imekuwa garaji ao depo ya sima, wanaweza kukuambia ubadilishe kwanza matumizi mu kontra. Watu wa Kampemba mnalijua hili.

Tuko kampuni (ao mimi ni mugeni), anfiteozi yetu ya miaka 25 inakaribia. Itaongezwa?

Somesha kontra yako kwa mutu mwenye anajua Kifaransa cha sheria. Mu kontra za anfiteozi kuko artikle yenye inasema muda ukiisha kontra itaanza upya kwa faida yako kama udongo umejengwa ao umelimwa na umechungwa sawa vile uliahidi. Soma ile "kama" mara mbili. Maana yake Leta hakufanyii zawadi, ila na wewe hauna haki kama jengo limeanguka, kama nusu ya hekta imebakia pori, kama redevansi ya mwaka, ile feza unalipa Leta juu ya kutumia udongo, haijalipwa tangu mkurugenzi wa zamani aondoke.

Anza mapema. Mimi naambia watu miaka 2 mbele, siyo kwamba sheria inasema 2, ni kwa sababu ya vitu vyenye vinatokea njiani: banki haitapenda ipoteke (rehani) juu ya sertifika yenye imebakia na miezi, mununuzi atashusha bei, na dosye yenyewe inatembea kwa miguu. Tayarisha kontra ya zamani, sertifika, statiti za kampuni na namba ya RCCM (rejista ya biashara), ama pasipoti na viza kama uko mutu, na preuve zote za malipo, redevansi na kodi ya lupangu. Preuve za malipo njo zinakosekanaka. Mutu wa kontabilite alikufa ao alihamia Kolwezi na kartoni iliwekwa mahali hakuna mwenye anajua. Tafuta ile kartoni kwanza, mbele ya kuandika barua yoyote.

Ukubwa nao unabadilisha nani anasinye. Mu mji, chini ya are 50 gavana anaweza kumuachia konservatere asinye, kupita hapo mpaka hekta 10 ni gavana, zaidi ya hapo dosye inapanda Kinshasa kwa minisitere. Kama uko na konsesyo kubwa, miaka 2 ni kidogo.

Ku biro wanafanya nini hasa, hatua kwa hatua?

Unaweka barua, na unaondoka na kopi yenye kashe na tarehe ya kupokea. Bila ile kashe haukuandika kitu. Jeometre wa kadastre anakuja kuangalia bornes, zile nguzo ndogo za simenti ku pembe, kama zingali pale. Zikipotea anazirudisha na inalipwa. Kisha wanaandika prose verbali, wanahesabu, na unapewa note ya persepsyo, karatasi yenye inasema ulipe Leta ngapi. Unalipa ku banki, unarudi na borderu (preuve ya banki). Kontra mupya inatayarishwa, unasinye, kisha sertifika mupya inaandikwa na ya zamani inafutwa mu kitabu. Mu Lubumbashi kuko sirkonskripsyo fonsyere (sehemu ya mji yenye biro yake ya udongo) zaidi ya moja, kuko ya Mashariki na ya Magharibi, kwa hiyo uliza kwanza lupangu yako iko ku biro gani, watu wanapoteza juma nzima ku mulango wenye siyo wao.

Uende wewe mwenyewe. Komisyonere wengine wako waaminifu, nawajua, lakini mwenye anakataa muende pamoja, mwenye anasema "mukubwa, niachie tu sertifika na makuta, rudi ijumaa", usimuachie. Sertifika yako haitoki mu mikono yako bila akize resepsyo, karatasi yenye inasema wameipokea.

Inagharimu ngapi?

Sitaandika bei hapa juu inaenda na ukubwa, na komini, na matumizi, na watu watachukua namba yangu waende kugombana nayo ku biro. Angalia kitu kimoja: Leta anahesabu juu ya note ya persepsyo, na inalipwa ku banki kwa ajili ya DGRAD (serivisi ya Leta yenye inakusanya malipo ya namna hii). Kila franga yenye haiko juu ya note siyo ya Leta. Kuko mashida ya njia, usafiri wa jeometre, fotokopi, hayo tunaelewana, lakini yakishakuwa makubwa kuliko note yenyewe simama, uliza, omba uone karatasi.

Na usichanganye na kodi ya lupangu ya kila mwaka. Ile ni ya provensi, na kuilipa hakuongezi miaka hata siku moja. Nimeona mama mmoja wa Ruashi na makize yake ya kodi yote, yamepangwa vizuri mu fardi, hakuna mwaka umekosekana, na kontra ilikuwa imeisha.

Mimi niko na fishe parseleri ya komini na livre ya lojeri ya baba. Haitoshi?

Inasaidia sana, lakini haitoshi. Zile karatasi zinaonyesha nani anakaa pale na tangu lini, na mu komini za zamani kama Kamalondo, Katuba na Kenya njo familia nyingi ziko nazo, karatasi za tangu wakati mji uliitwa Elisabethville. Zichunge vizuri, njo mwanzo wa dosye. Sheria inawafungulia njia wenye livre ya lojeri waombe konsesyo perpetweli. Ila burgumestre hana uwezo wa kukupatia udongo, uwezo uko ku afere fonsyere, ile serivisi ya Leta ya udongo. Kama umeambiwa na mutu "fishe ni kama sertifika", amekudanganya.

Baba alikufa, kila kitu kiko kwa jina lake. Naweza kuongeza miaka?

Haupashwi kuanza na miaka. Anza na jina. Wariti mukutane, mutafute likidatere wa urizi, mutu wa kusimamia na kugawanya mali ya baba, mupate hukumu ao akti ya kuonyesha wariti ni nani, kisha mutasyo (kubadilisha jina mu kitabu) ifanywe, sertifika itoke kwa majina yenu. Kisha njo muombe kontra. Mutoto mukubwa mwenye anaenda peke yake kuongeza miaka kwa jina lake, hata kama ana roho safi, analeta vita mu familia kwa miaka mingi. Na mama, mujane, jina lake lisisahauliwe, sheria ya familia (Code de la famille) inamlinda na mu nyumba nyingi alijenga sawa baba, tofali kwa tofali.

Wale wenye baba zao wangali wazima: ombeni wazee wenu watengeneze sasa. Ni heshima kwao, siyo kuwaombea kifo.

Nataka kununua apatema mu jengo la katikati ya mji, wananiambia ni yangu kwa maisha.

Omba uone sertifika ya udongo, siyo tu kontra ya kuuzisha yenye promotere, mwenye alijengesha na anauzisha, alitengeneza. Kama udongo uko kwa jina la kampuni, ni konsesyo ordineri, juu kampuni haiwezi kupata perpetweli, na kama miaka 25 ilianza 2004 itaisha 2029. Apatema yako inaishi juu ya ile miaka. Uliza nani ataomba iongezwe, nani atalipa, kama hilo limeandikwa mu reglema ya kopropriete (kanuni za wote wenye apatema mu lile jengo), na kama wewe utapata sertifika ya kwako ao utabakia na karatasi ya promotere. Wakikujibu "hilo siyo shida, tunafanyaka", omba waandike.

Ndugu yangu ako London, naye anasema anaongeza miaka ya apatema yake. Ni kitu kimoja?

Vinafanana jina, ndani ni tofauti. Kule Uingereza udongo unaweza kuwa wa mutu ao kampuni, siyo wa Leta, na mwenye apatema ananunua miaka, tuseme 99 ao 125. Sheria ya 1993 inamupatia haki ya kuongeza miaka 90 juu ya yenye imebakia na kodi ya udongo inashuka mpaka sifuri, lakini analipa mwenye udongo, na miaka ikishuka chini ya 80 bei inapanda sana, juu hapo wanaingiza sehemu ya faida yenye nyumba itapata. Mbele alipashwa kwanza awe mwenye apatema miaka 2, hiyo iliondolewa 31 Januari 2025. Sheria ya 2024 imeandika miaka 990, ila vipengele vyake vinaanzishwa kimoja kimoja, kwa hiyo amuulize solisita wake kama hicho kimeanza. Kama apatema yake iko na miaka 83 ao 82 asingojee.

Kwake anabishana bei na mwenye udongo, na kuko tribinali ya kuwakatia. Kwetu mukubwa ni Leta na swali la kwanza ni: ulijenga?

Na kama huyo ndugu amechukua pasipoti ya kule, anafahamu kwamba konstitisyo yetu, artikle ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mumoja na hauchanganywi na mwingine. Konsesyo perpetweli ni ya Mukongomani. Asiandikishe lupangu mupya kwa jina lake kwa pasipoti ya Kikongo yenye ilibakia mu kabati, aende kwa avoka wa hapa aulize konsesyo ordineri.

Sikai Lubumbashi. Leta atanijulisha muda ukiisha?

Mu kontra kuko mustari watu hawasomaka, karibu na sinyatire, wenye unasema kila upande umechagua domisili gani, yaani adresi ya kupokelea barua. Leta anachagua biro yake. Wewe mara nyingi wanakuandikia juu ya lupangu yenyewe. Maana yake barua ya kukuonya ikifika pale, mikononi mwa lokatere ao chini ya mulango, sheria inahesabu umeipokea, hata kama uko Johannesburg ao Kinshasa. Wakati wa kutengeneza kontra mupya, omba waandike domisili kwa avoka ao kwa ndugu mwenye anakaa hapa kweli na mwenye atakupigia simu. Na prokirasyo (karatasi ya kumupatia mutu ruhusa afanye mahali pako) uiandike ya kazi moja, kufuata dosye ya namba fulani, siyo ya "mambo yangu yote" yenye mutu anaweza kuuzishia nayo.

Nimekuta mutu mwingine ako na sertifika juu ya lupangu yangu.

Usipige mutu, usibomoe ukuta wake, hiyo itakugeuza wewe mukosefu. Angalia tarehe ya sertifika yake. Sheria inakuachia miaka 2 tangu ilifanywa ya kuishambulia mbele ya tribinali de grande instansi. Ikipita, sertifika inakuwa ngumu, na mara nyingi kitu kinabakia kwako ni kuomba feza za hasara, siyo udongo. Njo maana mwenye anangojea "familia zikae tusikilizane" mwaka na nusu anajiumiza. Kaeni, zungumzeni, lakini kesi iwe imeshafunguliwa. Peleka kontra yako hata kama imeisha, prose verbali, borderu za banki, fishe ya komini, majirani wenye walikuona unajenga, na avoka aombe tribinali ikataze konservatere kufanya mutasyo yoyote juu ya ile namba mpaka hukumu itoke, juu mwenye anajua kesi inakuja anakimbiliaka kuuzisha kwa mutu wa tatu.